Mtu Husafiri, Maandishi Hubaki: Historia ya Kupanga Seva Nyingi kwa Faili Moja

Mwezi huu tunaleta historia, lakini si ya vita wala ya mipaka, hizo tumeshazibeba za kutosha. Ni historia ya kazi moja ya kompyuta isiyoonekana: jinsi watu walivyojifunza kuweka programu kwenye seva nyingi kwa mara moja, bila mtu kuzunguka mashine moja moja. Usikimbie kama hujawahi kugusa seva. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba swali lililo ndani yake ni letu kabisa: mtu anayejua kazi akiondoka, kazi inabaki na nani?

Mwandishi mmoja wa Kabaka

Tuanzie hapa hapa kilimani. Mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipofika Buganda, Kabaka Muteesa I alikuwa na makao yake makuu Lubaga. Kiswahili kilikuwa kimeshaingia barazani kabla ya Stanley, kimeletwa na wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar, na Kabaka mwenyewe alikuwa amejifunza herufi za Kiarabu. Lakini Kiingereza hakukuwa na wa kukiandika. Stanley alipoondoka, alibaki kijana mmoja aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari kule Zanzibar. Huyo ndiye aliyekuwa akimwandikia Kabaka barua zake za Kiingereza.

Hebu fikiria. Mfalme ana jeshi, ana mitumbwi ya vita ziwani, lakini barua yake kwa Wazungu inapita kwenye mkono wa kijana mmoja mgeni. Kijana akiugua, barua inasubiri. Kijana akiondoka, barua haipo.

Hali haikubaki hivyo. Wamisionari walipofika kuanzia 1877, watu wa barazani walianza kujifunza kusoma, mpaka neno la Kiganda la wasomaji, abasomi, likawa jina la kuwaita waumini wa dini mpya. Ujuzi ulitoka kwa mtu mmoja ukaingia kwa wengi. Na njia ilikuwa maandishi.

Sasa shika picha hiyo, twende kwenye kompyuta.

Zamani programu ilikuwa kichwani mwa mtu

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingine. Ukifungua WhatsApp, ukituma pesa kwa simu, ukiandikishwa kwenye ofisi fulani kwa alama za vidole, kuna seva mahali inajibu. Seva nyingi za dunia zinaendeshwa kwa Unix au kwa jamaa zake. Unix ilianza 1969 kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Linux, iliyoanzishwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki, ilifuata desturi zile zile. Hata simu yako ya Android, ndani kabisa, kiini chake ni Linux.

Miaka ya mwanzo, kuweka programu kwenye Unix ilikuwa kazi ya fundi. Programu ilikuja kama msimbo kwenye utepe wa sumaku. Fundi aliufungua, akaurekebisha ulingane na mashine yake, akaugeuza kuwa programu inayotembea, akazinakili faili mahali pake. Mwaka 1976, Stuart Feldman wa Bell Labs alitunga kifaa kiitwacho make, ambacho kinasoma hatua za ujenzi kutoka kwenye faili moja. Hapo maagizo yalianza kutoka kichwani na kuingia kwenye maandishi.

Lakini make ilijua kujenga tu. Haikuweka daftari la faili ulizozitandaza kwenye mashine, na haikujua kwamba programu hii inahitaji nyingine ambayo bado huna. Ukitaka kuiondoa programu, unaanza kukisia faili zipi ni zake. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lilikuja 1993, pale Ian Murdock, mwanafunzi wa Marekani, alipotangaza mradi wa Debian. Debian ilikuja kuleta dpkg, meneja wa vifurushi. Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake: jina, toleo, faili zake zote, na vifurushi vingine inavyovitegemea. Kampuni ya Red Hat nayo ikatoa mfumo wake, RPM. Mwaka 1999, Debian toleo la 2.1 likaja na APT. Hii ilikuwa raha. Unaandika jina moja tu, nayo inatafuta vyote vinavyohitajika, inavishusha kutoka kwenye mtandao, inaviweka kwa mpangilio. Sisi tunaotumia Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004 juu ya msingi wa Debian kwa fedha za Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, tunafaidi kazi hiyo kila siku. Na wale wasio na intaneti ya kutosha walikuwa wanatumiwa CD za Ubuntu bure kwa posta, mpaka huduma hiyo ilipofungwa 2011.

Basi, mashine moja imepata daftari. Je, mashine hamsini?

Chumvi kwenye sufuria

Mwaka huo huo wa 1993, kule Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, mwanafizikia Mwingereza Mark Burgess alikuwa na tatizo. Idara ilikuwa na kompyuta za Unix za kampuni mbalimbali, kila moja na tabia yake. Njia ya kawaida ilikuwa kuandika skripti, yaani orodha ya amri zinazofuatana. Lakini skripti moja ilibidi iulize kila hatua: wewe ni mashine ya aina gani? Faili hii ipo au haipo? Ikawa ndefu, ikawa haisomeki.

Burgess akatunga Cfengine. Wazo lake tunaweza kulieleza kwa sufuria ya maharagwe. Kwenye nyumba yenye watu wengi, mama ameacha karatasi jikoni: weka kijiko kimoja cha chumvi. Anapita wa kwanza, anaweka. Anapita wa pili, anasoma karatasi, naye anaweka. Wa tatu pia. Jioni hakuna anayekula. Sasa badilisha karatasi: hakikisha chumvi imetosha. Wa kwanza anaonja, anaongeza. Wa pili anaonja, anaona imetosha, anaondoka. Hata wakipita watu kumi, maharagwe yanabaki yale yale.

Skripti ya zamani ni karatasi ya kwanza. Cfengine ni karatasi ya pili. Huiambii seva hatua za kufuata, unaieleza hali unayotaka iwe nayo: kifurushi hiki kiwepo, faili hii iwe na maneno haya, huduma hii iwe inaendeshwa. Programu inaangalia, na inagusa pale tu pasipo sawa. Unaweza kuirudia mara mia bila madhara. Na mashine iliyozimwa wiki mbili ikiwashwa, inajilinganisha na maandishi na kurudi kwenye mstari.

Waliofuata walijenga juu ya wazo hilo. Luke Kanies, aliyekuwa amefanya kazi na Cfengine, alianzisha Puppet mwaka 2005. Chef ikaja 2009, Salt 2011. Mwaka 2012 Michael DeHaan akatoa Ansible, ambayo kwa vijana kama sisi ndiyo nyepesi kuianza, kwa sababu seva unazoziongoza hazihitaji kuwekewa programu maalumu ya kupokea amri. Inapita kwenye SSH, njia ya siri ya kuingia kwenye mashine ya mbali iliyotungwa na Tatu Ylönen kule Finland mwaka 1995. Kwenye mashine ya mbali inatosha kuwe na SSH na Python, na Linux nyingi zinakuja navyo.

Faili ya Ansible inasomeka karibu kama barua. Juu unaandika orodha ya seva. Chini unaandika: kwenye hizi zote, kifurushi cha nginx kiwepo, saa ziwe za Kampala, mtumiaji fulani awepo, na yule aliyeondoka asiwepo. Unaituma mara moja. Iwe seva 3, iwe 300, maandishi ni yale yale.

Umuhimu wake ulionekana wazi Aprili 2014. Siku ya tarehe 7 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayolinda siri za tovuti nyingi duniani. Kasoro ilikuwa imo tangu 2012. Mtu wa mbali aliweza kuchungulia kumbukumbu ya seva, pamoja na nywila zilizokuwa ndani. Hatua ya kwanza ya dawa ilikuwa kuweka toleo jipya la kifurushi na kuwasha upya huduma zinazokitumia. Kwa mwenye seva moja, ni dakika chache. Kwa mwenye seva mia bila maandishi, ni kuzunguka na karatasi, unaweka alama: hii tayari, hii bado, hii sikumbuki. Na hiyo usiyokumbuka ndiyo mlango ulioachwa wazi.

Huku kwetu

Kuna wanaodhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Hapana. Uganda kituo cha kubadilishana data, UIXP, kilianzishwa Kampala mwaka 2001, ili ujumbe wa Lubaga kwenda Ntinda usizunguke ng'ambo kwanza. Mwaka 2003 Kampala ilipokea mkutano na mafunzo ya AfNOG, jumuiya ya mafundi wa mitandao ya Afrika iliyoanza mafunzo yake Cape Town mwaka 2000. Mle ndani mafundi walifundishana usimamizi wa Unix kwa vitendo. AfNOG ilirudi tena Kampala mwaka 2019.

Kumbuka hali ya wakati ule. Mpaka kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009 kupitia pwani ya Kenya na Tanzania, intaneti yetu nyingi ilipita kwenye satelaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu angani. Swali na jibu vilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na bei ilikuwa kali. Kushusha kifurushi kile kile mara ishirini kwa mashine ishirini ilikuwa ni kutupa pesa barabarani.

Halafu likaja jambo linalotugusa mwilini. Uganda ilisambaza DHIS2, mfumo wa taarifa za afya, nchi nzima mwaka 2012, baada ya Kenya kufanya hivyo 2011. Mizizi yake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuisha, na unatengenezwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Ndiyo, Oslo ile ile ya Cfengine. Ukienda kituo cha afya, iwe Kawaala hapa Lubaga au Nakivale kambini, kila mwezi wahudumu wanajaza fomu iitwayo HMIS 105 ya wagonjwa wa nje, na hesabu zake zinaingia kwenye DHIS2. Mtoto aliyepimwa malaria anakuwa namba ndani ya seva. Namba hizo zinasaidia kuamua dawa ngapi ziende wapi.

Nyuma ya DHIS2 kuna Linux, hifadhidata ya PostgreSQL, na programu ya Java inayoendeshwa na Tomcat. Vyote ni vifurushi, vyote vina matoleo, vyote vinahitaji kutunzwa. Jumuiya ya DHIS2 imetoa bure faili za Ansible zinazojenga seva nzima juu ya Ubuntu, kila kipande kwenye kontena lake. Kijana wa Kampala anaweza kuzifungua, kuzisoma na kujifunza jinsi mfumo wa afya wa nchi unavyoweza kujengwa, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa nini tunawaandikia haya

Kwenye kikundi chetu kuna kaka aliyekuwa akitunza kompyuta za chumba cha masomo. Alijua kila kitu: ipi inahitaji nini, masomo ya nje ya mtandao yamewekwa wapi, namba ya siri ya mashine kuu ni ipi. Kesi yake ikakubaliwa, akapewa tarehe ya ndege kwenda Kanada. Tulimpikia, tulicheza, tulilia kidogo. Wiki ya tatu mashine kuu ikagoma, na kila swali tulilouliza jibu lake lilikuwa kichwani mwa mtu aliyekuwa amelala, maana kwao ni usiku kwetu ikiwa asubuhi.

Si yeye wa kulaumiwa. Kuondoka ndiyo maisha yetu. Huyu anapata safari, huyu anarudishwa kambini, huyu anahamia Nairobi kutafuta kazi. Hata nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaondoka: mradi ni wa miezi kumi na miwili, mkataba unaisha, anakuja mwingine anayeanza upya. Jamii ya watu wanaohama haiwezi kuweka ujuzi wake ndani ya mtu mmoja. Makampuni makubwa yalihitaji Cfengine na Ansible kwa sababu mashine zao ni nyingi. Sisi tunazihitaji kwa sababu watu wetu wanasafiri.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme chumba kina kompyuta 20, na kila moja inahitaji dakika 40 za kuwekewa programu kwa mkono. Hizo ni dakika 800, zaidi ya saa 13. Tuseme kila moja inashusha megabaiti 300. Hizo ni gigabaiti 6 za bando. Sasa andika faili moja ya Ansible, na uweke kwenye mashine kuu programu ya bure iitwayo apt-cacher-ng, inayotunza kifurushi kilichoshushwa mara ya kwanza na kukigawa kwa wengine ndani ya chumba. Kama mashine zote zinahitaji vifurushi vile vile, bando linalotumika ni karibu megabaiti 300 tu. Saa 13 zinakuwa muda wa kunywa chai na kula rolex. Na mashine ya 21 ikiletwa kesho, maagizo yapo tayari.

Kuna wanaobisha, na wana haki. Wa kwanza anasema: kompyuta tano, ya nini kujisumbua? Tunamjibu kwamba faida ya faili haihesabiwi kwa mashine peke yake. Hata kwa kompyuta moja, faili inamweleza anayekuja kesho mambo ambayo hamtaweza kumsimulia.

Wa pili anasema: kosa moja kwenye faili linaharibu mashine zote kwa dakika moja. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana mafundi hujaribu kwanza kwenye mashine moja, na hutunza kila badiliko la faili kwa Git, kifaa alichokitunga Linus Torvalds mwaka 2005, kinachoonyesha nani alibadilisha nini na lini, ili mweze kurudi nyuma.

Wa tatu anauliza: umeme ukikatika Nateete katikati ya kazi, je? Hapo ndipo karatasi ya chumvi inasaidia. Umeme ukirudi unaituma faili tena. Yaliyokamilika yanaachwa, yaliyobaki yanamaliziwa. Mara chache kifurushi kilichokatwa katikati kitahitaji kutengenezwa kwanza kwa mkono, lakini huanzi kila kitu upya.

Jambo moja muhimu: namba za siri haziandikwi wazi ndani ya faili mnayogawana. Ansible ina sehemu yake ya kuzifunga, iitwayo Vault. Ufunguo wa hiyo wapewe watu wawili au watatu wa kikundi, asiwe mmoja.

Tunachoomba

Kwa mashirika: asanteni kwa kompyuta mnazotuletea. Mkileta mashine, leteni pia maandishi yake. Kwenye makabidhiano ya mwisho wa mradi, pamoja na orodha ya meza, viti na skrini, wekeni faili inayoeleza seva ilivyopangwa, na mfunze angalau vijana wawili kuisoma. Haiongezi gharama kubwa. Isipokuwepo, mashine mliyoiacha itakuwa meza ya kuwekea vikombe.

Kwa vijana: vifaa vyote tulivyovitaja, Linux, Ansible, Git, vinapatikana bure. Havikuulizi kitambulisho, havikuulizi ulizaliwa nchi gani. Kompyuta moja ya zamani inatosha kuanza. Chukua kazi moja unayoifanya kwa mkono kila mara, iandike kama hali unayoitaka, umpe mwenzako aijaribu bila wewe kusimama pembeni. Akikwama, maandishi bado hayajakamilika, yaongezeeni pamoja.

Tuandikieni kwenye maoni: kwenye kikundi chenu, ni jambo gani linajulikana na mtu mmoja tu? Andikeni jina la kazi, si jina la mtu. Tukizipata kazi tano za kompyuta, tutakaa nazo Jumamosi hapa Lubaga, tuziandike moja moja, kabla tarehe ya ndege ya mwingine haijatoka.